Mkono Nyuma ya Jiwe la Kanisani

Tegwen, uko wapi?? Njoo kanisani na sabuni ya vyombo. Mbio!

Mkono umenikwama nyuma ya lile jiwe la kale uani. Ndiyo, lile lenye Kilatini mbele na chale za Ogham, yale maandishi ya kale ya vijistari, ubavuni, upande wa ukutani. Nilitaka kuzipapasa kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Nikasahau kwamba nimenenepa, shoga!

Sasa sikia balaa. Jeneza la Gethin limeingia. GETHIN! Jirani yangu niliyegombana naye kwa ajili ya kondoo mpaka nikaapa maziko yake sikanyagi.

Kijiji kizima kinanipa pole. Wanadhani nimelikumbatia jiwe kwa uchungu!

Mererid, mjane wake, akaja akanishika shavu. “Kumbe ulimpenda hivi?”

Ningesema nini? Nimekwama, Tegwen! Nikasema ndiyo.

Akaniambia, “Na yeye pia. Kila asubuhi akiona moshi wa kwako alikuwa anasema, haya, mkorofi wangu kaamka salama.”

Mkorofi wangu!

Tegwen, sasa nalia kweli.

Sabuni lete. Ila usiharakishe.