Majina ya Samaki Yaliyobaki

Mbinga, Jumanne usiku

Sasa nimetulia, kwa kuwa hakuna kilichopotea.

Folda ya mradi wetu wa klabu ya kompyuta ilikuwa imejaa mafaili ya majaribio. Nikaandika git clean -f, amri inayofuta kila faili ambalo Git, programu inayotutunzia kazi, haijaambiwa ilitunze. Likifutwa hivyo halirudi.

Kabla sijabonyeza Enter, nikamkumbuka mama. Hafyeki majani ya kuchimbia ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani, bila kulipitia shamba kwanza, asije akakata boga lililojiotea. Nikabadili -f kuwa -n, inayoonyesha tu kitakachofutwa.

Katikati ya takataka lilikuwemo samaki.txt: mbasa, usipa, mbufu, majina yote ambayo bibi wa Agnella, mwenzangu wa klabuni, alitutajia kule Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, kabla hajafariki. Nililiandika mimi, nikasahau kuliongeza kwenye Git. Nakala nyingine hatuna.

Agnella akachungulia. “Nyie Wamatengo wa milimani! Samaki wetu mnawala, sasa na majina?”

“Hayajaliwa,” nikamwambia, nikaandika git add samaki.txt. Ndipo nikafuta takataka.

Alicheka. Kisha akaniomba nimsomee majina yote, polepole, kama alivyoyataja bibi.

Nikamsomea.