Jicho Lako, Baba, na Mafuta ya Nazi

Baba yangu uliyelala Muyeye,

Shikamoo. Sijui kama salamu hufika huko uliko, lakini nisipokuamkia nitajiona sina adabu. Leo nimekuja na kosa: siri ya jicho lako nimeitoa.

Nilipoajiriwa uaskari wa msitu, kazi uliyoifanya wewe hadi ukastaafu, ulinikalisha kibarazani ukanipa mwiko wa Mama uwe ndio bunduki. Nikakuelekezea kwa mzaha. Hukucheka. "Hata mwiko, mwanangu. Mtutu hauelekezewi mtu." Ukanieleza yanayoikwamisha bunduki hapa kwetu pwani: mchanga, kutu ya hewa ya chumvi, risasi iliyobonyea, springi iliyochoka. Ulipofika kwenye mafuta ukanyamaza.

Kisha ukaniambia. Mafuta ya bunduki yaliisha kituoni, nawe ukapaka ya nazi, yale ya nywele za Mama. Yakaganda ndani, pini ikawa inaipiga risasi kivivu. Siku ulipotaka kumtisha tembo aliyeingia mashambani, bunduki ikalia "ta" tu, basi. Ulipaswa kungoja, mtutu ukielekea pasipo na mtu, uhesabu polepole hadi thelathini, maana risasi huweza kuchelewa kulipuka. Wewe ukaifungua papo hapo. Risasi ikalipuka nje ya mtutu, kipande cha ganda lake kikakupofua jicho. Ukaona haya, watu wote ukawaambia ni mwiba. Mama naye akang'oa michongoma yote ya uani, asije mtoto akaumia.

Sasa mimi ndiye ninayewafundisha askari wapya, kituoni karibu na Gede. Wiki iliyopita nilifika kwenye mafuta, nikanyamaza kama wewe. Nilijichukia, Baba. Jioni nikaenda kwa Mama nikamweleza yote. Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Na michongoma yangu je? Haya, kawaambie. Mimi nitagombana naye nikimkuta."

Kesho yake nikawaambia, bila kuficha jina lako. Kisha akainuka mmoja, mtu mzima mwenye watoto, akasema kwa sauti ndogo, "Afande, mie yangu nimeipaka juzi. Mafuta ya nazi."

Tukaielekeza kwenye fungu la mchanga, tukatoa risasi, tukaifungua. Pini ilikuwa inanata kidoleni. Hakuna aliyemcheka. Aliisafisha mwenyewe, na jioni akaenda nyumbani kwake na macho yake mawili.

Nisamehe kama nimekuaibisha, ila mimi sioni aibu, naona fahari. Nimekukumbuka sana wiki hii. Na ujue jambo moja: siku hizi bunduki ikikataa kulia kwenye uwanja wa shabaha, askari wangu hawaambiani tena wahesabu hadi thelathini. Wanaambiana, "Mngoje Mzee." Na wanakungoja.

Lala salama, Baba.

Ni mimi binti yako, yule wa mwiko.