Mwanamke Aliyeshika Mwavuli

Jumanne, 2 Septemba. Lodwar.
Picha za pasipoti tangu asubuhi. Shuka jeupe, kigoda, kidevu juu, usicheke. Mtu akitoka mwingine anakaa palepale. Miaka sita sasa. Studio ni ya kaka yangu Ekai, kamera ni yake, na mimi ni kama nilinunuliwa pamoja na vifaa.

Alhamisi nina harusi ya Wasomali, kambini Kakuma. Upande wa wanawake, ambako mwanamume haingii. Ndiyo maana huniita mimi. Huko ndiko ninakopumua. Nimekagua stendi mbili za taa, miavuli miwili myeupe, flashi mbili. Mguu wa stendi moja umelegea, nimeufunga kwa mpira wa tairi.

Ekai anasema nirudi mapema, Ijumaa kuna wanafunzi wa picha za vitambulisho. Hata kunitakia kazi njema hakuna.

Alhamisi, 4 Septemba. Kakuma.
Ukumbi wa mabati. Joto la kuchemsha chai. Milango imefungwa, mapazia chini, wanawake wamevua mitandio. Nywele, dhahabu, hina. Bi harusi anaitwa Hodan. Mama yake alinishika mlangoni kabla sijafungua begi.

"Picha haitoki hapa. Ukimaliza, kadi ya kamera unaacha kwa mkono yangu. Apa."

Nikaapa.

Nilifunga flashi juu ya stendi, nikapitisha fimbo ya mwavuli kwenye tundu lake, nikauelekeza kutoka kushoto, juu kidogo ya macho. Mwanga ukipita kwenye kitambaa hicho hulainika, ngozi inang'aa bila kuchomwa. Bi harusi alikuwa hajafika, nikamketisha Mama Hodan kwenye kiti chake nijaribu taa. Kichwa wazi. Flashi ikamshtua, akacheka. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama kitambo. "Huyu ni mimi?" Kisha akasema futa. Nikafuta mbele ya macho yake.

Feni kubwa zilipowashwa mwavuli ukaruka pamoja na stendi. Mama Hodan akaudaka. Sikuwa nimebeba mawe ya kuzuia miguu, ujinga wangu. Basi akaushika yeye, hadi mwisho. Kila aliyetaka kumpokea alifukuzwa. Bi harusi, mashangazi, majirani, wote nimewapiga picha kwa mwanga ulioshikwa na mama huyo. Mwisho nikampa kadi, akaifunga kwenye ncha ya mtandio.

Ijumaa, 5 Septemba.
Kamera ya Ekai ina nafasi mbili za kadi. Ameiweka iandike kotekote, ikiharibika moja ibaki nyingine. Nilisahau. Naapa nilisahau, ila jana pia niliapa.

Harusi nzima iko humu. Na ile ya Mama Hodan nilifuta kwenye kadi moja tu.

Nimefuta zote. Nilipofika kwa hiyo, nimeshindwa.

Jumapili, 7 Septemba.
Bado ipo. Sijawahi kupiga picha nzuri hivi. Mwanga umemkalia shavuni, jino moja la dhahabu, macho ya mtu aliyesahau kwamba anatazamwa. Nimeificha kwenye simu. Najiona mchafu, na bado naifungua kila saa.

Jumatatu, 15 Septemba.
Kuna darasa la upigaji picha Nairobi. Miezi mitatu, bure, na mahali pa kulala. Wanataka picha moja ya mtu, kwa taa uliyoipanga mwenyewe. Nina nini mimi? Pasipoti. Kila kizuri nilichowahi kupiga kimefungwa kwenye mitandio ya kina mama wa Kakuma.

Nimetuma ile. Nairobi ni mbali, nani atamjua?

Jumatano, 1 Oktoba.
Nimepata. Nimejifungia chooni nikalia kwa furaha. Naondoka mwezi ujao. Nimemwambia Ekai, akauliza nani atapiga pasipoti. Hilo tu.

Wanasema siku ya ufunguzi picha yangu itatundikwa ukutani, urefu wa mlango. Hapo furaha ikaingia mchanga.

Jumanne, 7 Oktoba.
Hodan amepiga simu. Mama yake amefariki Jumapili. Presha. Wamemzika siku hiyohiyo.

Amezipitia picha zote za harusi. Mama hayumo. Kwenye moja kuna mkono, kwenye nyingine kivuli ukutani. Bila shaka hayumo, alikuwa ameshika mwavuli wangu. Nyumbani wana picha ya kitambulisho cha wakimbizi tu, na hapo anaonekana kama aliyekamatwa.

"Dada Akiru, mashangazi wanasema ulimjaribu na taa kwanza. Hiyo iko wapi?"

Nikasema ilifutwa. Akasema asante. Asante ya nini.

Jumatano, 8 Oktoba.
Sijala. Nikisema ninayo, Kakuma nimekwisha, hakuna mama atakayenifungulia mlango tena. Nikinyamaza, Hodan anakosa uso wa mama yake, na watu wa Nairobi wanautazama kichwa wazi huku wakinywa juisi. Nikiirudisha nafasi, ni kigoda na shuka mpaka nizeeke. Kila nikigeuka ukuta. Na huu ukuta nimeujenga kwa mikono yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Nairobi wameandika. Wanataka jina la mwanamke, liwekwe chini ya picha. Nimeandika, nikafuta, nikafunga kompyuta.

Kisha nimechapa picha moja kwa printa ya studio, ukubwa wa kiganja. Ekai akaiona kabla sijaitia kwenye bahasha. Akasema hii tungeiweka kwenye bango letu la nje, ingeleta wateja. Nimemfokea. Sijawahi kumfokea. Alinitazama kama mgeni.

Jumamosi, 11 Oktoba. Kakuma.
Nimemkuta Hodan kwenye mkeka, amekonda. Nilitoa pole, sikungoja chai. Nikasema nilikudanganya, nikampa bahasha.

Alipoiona alijiziba mdomo. Nje mtu alikuwa anapigilia bati.

"Nani mwingine ameona?"

Nikamwambia yote. Kadi ya pili, Nairobi, ukuta.

"Mama alisema ufute?"

"Ndiyo."

"Na ukabaki nayo."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Wewe ni mwizi, dada Akiru. Na mimi nachukua mali ya wizi, siwezi kuacha."

Akaitia ndani ya nguo, kifuani. Ukutani haiwezi kukaa, shemeji na wageni wanaingia. Akaniambia zingine zote nifute, kila mahali. Ya kwenye simu nikaifuta akiwa anatazama. Zilizobaki nikamwahidi. Alinisindikiza hadi mlangoni, hakusema karibu tena.

Njia nzima ya kurudi nilitazama miiba ya barabarani. Aibu tupu.

Jumatatu, 13 Oktoba. Lodwar.
Nimewaandikia Nairobi, nikasema picha haikuwa yangu kutuma. Wamejibu vizuri. Wameifuta, nitume nyingine kabla ya Ijumaa.

Kadi, kompyuta, barua pepe. Nimefuta. Ya mwisho nilikaa nayo kidole kikiwa juu ya kitufe. Nikamwomba radhi mama huyo kwa sauti, peke yangu studio nzima. Nikabonyeza.

Alhamisi, 16 Oktoba.
Nimempiga picha jirani muuza samaki kwa mwavuli uleule, pembe ileile. Alikaza uso kama yuko mahakamani. Nimejaribu watu wengine wawili. Hapana. Sikutuma.

Jumamosi, 18 Oktoba.
Nafasi amepewa mwingine. Ekai amenunua nyama ya mbuzi, anasema ya kunituliza, lakini uso wake ni wa sherehe. Nimekula. Ilikuwa tamu, na hilo pia limeniuma.

Ijumaa, 31 Oktoba.
Hakuna simu kutoka Kakuma. Najua maana yake. Miavuli nimeiweka juu ya kabati. Shuka nimelifua, kigoda nimekipiga msumari mpya.

Alhamisi, 20 Novemba.
Ujumbe wa Hodan asubuhi, nikiwa natundika shuka.

"Dada Akiru, nilikuwa nabeba mama ndani ya nguo kila siku. Joto la huku unajua. Jasho imekula uso, imebaki shingo na kiti. Niambie ukweli. Uko na ingine?"

Nilijua sina. Nikatafuta hata hivyo. Kompyuta, kadi zote mbili, hadi takataka za barua pepe. Wino wa printa yetu hauwezi maji, nilijua tangu zamani, na sikumwambia. Sikuwaza kwamba angeivaa.

Nimeandika: "Sina, Hodan. Nilifuta zote."

Kisha likaja neno moja.

"Nimekuamini."

Nililisoma nikiwa nimesimama. Mzee mmoja akaingia, akanisalimu ejok, akasema anataka ya pasipoti. Nikamwambia aketi.