Barua Niliyoitia Saini

Jumatatu, 3 Novemba
Itangazwe kote, kuanzia Muyeye hadi Matsangoni: stepla ya idara imepatikana. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nimeirudisha mezani kimyakimya, kama mtu mwema.

Saa nne kaja Kadzo, niliyemsimamia shahada ya uzamili. Shikamoo Mwalimu, marahaba. Anaomba nafasi ya uzamivu ng'ambo, anahitaji barua ya mapendekezo. Nikamwambia ninachowaambia wote: andika mwenyewe, nitatia saini. Uvivu huu nauita kumjengea mwanafunzi kujiamini.

Alhamisi, 6 Novemba
Barua imeletwa. Nimetia saini huku nakunywa chai, nikaituma. Sikuisoma. Mahamri ya leo yalikuwa mazuri.

Jumatano, 19 Novemba
Ujumbe kutoka kile chuo. Wana adabu kweli. Kazi za Kadzo zimewavutia, ila barua yangu haiwaelezi kitu. Je, nina la kuongeza? Mwisho Jumatatu.

Ndipo nikaisoma. Mistari sita. Ni mtiifu. Hufika mapema. Hana maneno mengi. Nikamsomea mke wangu, Zuhura. Akauliza, "Huyu mwamtafutia kazi ya yaya au ya ulinzi?"

Sikucheka sana.

Alhamisi, 20 Novemba
Nimempigia Kadzo. Mbona hukujisifu?
"Mwalimu, mtu atajisifuje, tena kwa mdomo wako?"
Akaniambia pia kwamba mwakani atakuwa amepita umri wa ufadhili. Alisema kama anayetaja hali ya hewa. Nimeona haya.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimeanza barua upya mara nne. Hodari, makini, wa kutegemewa. Hata stepla yaweza kusifiwa hivyo. Wanataka jambo alilolifanya. Ninalo moja. Ndilo nisilotaka kuliandika. Nimelala mchana.

Jumapili, 23 Novemba
Zuhura kaniuliza naandika nini siku tatu. Barua ya Kadzo, nikasema. "Yule wa chupa?" Ndiye. Kisa cha chupa nilimsimulia zamani, nikijipendelea.

Jumatatu, 24 Novemba
Nimetuma. Kurasa mbili.

Ijumaa, 6 Machi
Kadzo amepata, na ufadhili juu. Kaja ofisini na mapapai mawili ya kwao Vitengeni. Mbele ya wenzangu akasema ni barua ya Mwalimu. Wakanipongeza. Nikapokea, kama nilivyozoea.

Humu daftarini hapana wa kunipongeza, basi niseme ilivyokuwa.

Tulikuwa tunapima chumvi katika maji ya visima kwa utafiti wake. Chupa za Vitengeni na za Matsangoni, karibu na bahari, nilizibandika lebo mimi, sikio likiwa kwenye mpira redioni. Nikazichanganya, hizi zikapata lebo za zile. Majibu yakaja kwamba Vitengeni, bara kabisa, maji ni chumvi tupu. Nikafurahi. Nikaanza kuota makala. Kadzo akaliangalia jedwali la majibu, akasema taratibu, "Mwalimu, maji haya ndiyo niliyokulia." Akaomba arudi visimani. Akachota upya, akapima upya, peke yake, akaiandika sura nzima upya. Kwenye kikao cha idara nikasema maabara ndiyo iliyokosea. Alikuwa ameketi kando yangu. Hakuinua macho. Wala hakulitia hilo katika mistari yake sita.

Hayo ndiyo niliyoandika katika barua ya pili, jina langu chini. Kama ndiyo iliyompa nafasi, sijui. Wenzangu hawajaambiwa bado. Naye hakuisoma, maana barua hizi mwombaji haonyeshwi.

Nilipomsindikiza mlangoni akaniuliza niliandika nini.
"Zile chupa," nikasema. "Na nani aliyezichanganya."
Akageuka, akayatazama mapapai mezani.
"Mapapai yaliwe leo, Mwalimu. Yameiva sana."

Tumeyala, mimi na Zuhura. Nikamsimulia tena kisa cha chupa, safari hii kama kilivyokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanikatia kipande kingine.