Mbwa wa Fundi Cherehani

Shoga, uko? Nimeumbuka leo.

Si unamjua jirani yangu fundi cherehani, yule anayemwacha mbwa wake ashinde nje kutwa nzima? Leo nikasema liwalo na liwe. Nikamwendea mpaka mlangoni.

"Dada, huna hata huruma? Kiumbe wa watu anashinda uani peke yake toka asubuhi hadi jioni!"

Shoga, hata macho hakuinua. Anashona tu.

"Mbwa wangu ana maji, ana kivuli, na mimi namwona kwa dirisha hili. Halafu nani kakwambia yuko peke yake? Anashinda na mama yako."

MAMA YANGU!! Mimi najua anashinda ndani, kwenye kochi, anaangalia televisheni.

"Ukishatoka tu kwenda kazini, anabeba kigoda chake, anakaa hapo kwenye uzio. Wanaongea mpaka ukikaribia kurudi."

Wanaongea. Na mbwa, shoga. Na mbwa!

Nikarudi nyumbani mbio, nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia kwamba unaboeka humu ndani?"

Akanitazama kwa upole tu.

"Mwanangu, ningekuambia saa ngapi?"