Msinyoe Nywele, Aliyekufa ni wa Mchezoni

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mvua zimewafikia huko Mhunze. Mimi mwanao Kabula ni mzima: nakula, nalala, napumua. Naanza na hilo kwa sababu nasikia mmenitandikia mkeka wa msiba.

Mdogo wangu Masanja alinipigia. "Dada, mama kaona kwenye simu unazikwa." Nikamwambia akupe simu tuongee, ukaikataa! Eti hata mchezoni sauti yangu ilikuwa inatokea humohumo kwenye simu. Basi nimeshika kalamu, na Masanja atakusomea.

Mama, aliyekufa ni Mama Masele, yule mke ninayemwigiza kwenye mchezo wetu wa kuchekesha. Mimi sikukubali hata kulazwa kwenye jeneza. Niliwaambia kwetu ni mwiko, wakatia gunia la pumba za mpunga. Hilo ndilo mnalolilia tangu Jumapili.

Na mchezo wenyewe umenichosha. Msimu wa kwanza tulirekodia chumbani kwangu hapa Katoro, kwa sufuria zangu. Tulikuwa sita chumba kimoja, baba wa familia anajificha uvunguni akimkwepa mwenye nyumba, na wachimbaji wa dhahabu wa hapa walicheka hadi machozi, maana na wao uvungu wanaujua. Msimu wa tatu kitindamimba wetu wa mchezoni akarefuka kunipita. Wakaleta mwingine, mweupe, na hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyeuliza yule wa kwanza kaenda wapi. Msimu wa tano baba akapata dhahabu. Tukahamia nyumba ya vyumba vinane, tumebaki watatu, na ugomvi wote ni nani kapoteza rimoti ya geti. Machimboni hapa nani ana geti la rimoti? Watu wakaacha kucheka, wenye mchezo wakaanza kubandika vicheko vya kurekodi.

Msimu wa saba mwongozaji wetu, Deo, akasema watazamaji wanataka sura mpya. Haya, niue. Lakini kaniuaje, mayu? Kwa kuteleza kwenye marumaru! Mimi niliyeanza kwa kuuza uji mashimoni, ndoo kichwani, matope hadi magotini, nife kwa marumaru!

Sasa watu wamemjia juu. Jana kaja mgahawani kwangu kanywea. "Mama Masele, njia imepatikana. Utarudi kama pacha wako."

"Pacha gani?"

"Hatukuwahi kumtaja tu."

"Misimu saba, harusi mbili, ubatizo wa watoto wanne, huyo pacha hakuja hata kuosha vyombo?"

Akacheka peke yake. Sijamjibu, naye atasubiri. Kinachonikosesha raha ni Jumamosi. Masanja anasema baba mdogo ameshaita ukoo mnyolewe nywele kumaliza msiba. Mama, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu ambaye ukoo umemnyolea nywele ameshazikwa. Ukininyolea nikiwa hai, hapo nyumbani nitaingia kwa mlango gani?

Masanja, hapa simama kwanza. Msogelee mama sikioni, baba mdogo asisikie.

Mama, mwaka ule nilipokosa nauli ya kuja huku, ulimpeleka mnadani beberu wa baba mdogo, ukamwambia kaliwa na fisi, ukamwonyesha na ngozi ya mbuzi mwingine iliyochanika. Tulijua wawili tu, mimi na wewe. Nani mwingine angeandika haya? Deo na misimu yake yote hawezi kuyatunga.

Nisalimie shangazi anayekukanda goti, na mke wa Masanja na kichanga chake. Baba mdogo mwambie shikamoo yake iko palepale, na maturubai ya watu ayarudishe.

Alhamisi nina chakula cha harusi, watu mia mbili, siwezi kukitupa. Ijumaa alfajiri napanda basi la kupitia Kahama. Nisubiri na nywele zako kichwani.

Mwanao, mzima kabisa,
Kabula