Gari Alilolichagua Rajabu

Arua, Uganda

Dada yangu Zuhura,

Hujambo, na watoto hawajambo? Mguu wa mama umepoa, au bado anauburura na kusema yeye ni mzima? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, lakini moyo umenivunjika, na hapa Arua sina wa kumwambia. Yule Rajabu niliyekuwa nikikuandikia habari zake, Mnubi wa Koboko tuliyefanya naye kazi gereji moja, amefariki. Tulimzika Ijumaa. Nasema tulimzika, kumbe mimi sikuruhusiwa hata kutia mchanga.

Unakumbuka nilikuambia tunachanga tununue gari? Wahindi walipofukuzwa magari yao yalibaki, na mengine yanauzwa bei ya kutupa. Kwa muuzaji tulikuta mawili tu tunayoyaweza: pikapu kuukuu, mbaya hata kuitazama, na kigari chekundu cha spoti, viti viwili, hakina paa, tumbo karibu liguse ardhi. Nikaingia chini nikakagua. Nikamwambia, "Rajabu, hiki ni cha lami. Njia ya kwenu ni mawe matupu. Tuchukue pikapu."

Yeye keshakaa kwenye usukani, anapiga honi kama bwana harusi. "Fundi, pikapu iko ya kubeba mihogo. Hii motoka iko ya kufurahi. Sisi hatuwezi kufurahi hata kidogo?"

Nchi yenyewe siku hizi mtu anaogopa kucheka kwa sauti. Nikakubali.

Na tulifurahi, dada, nisiseme uongo. Kila Jumapili, kengele za kanisa la Ediofe zikilia, sisi tumelala chini ya kigari, grisi mpaka masikioni, tunabishana kabureta ipi inavuta vibaya. Kikiwaka tunazunguka nacho mjini mpaka petroli ituishie. Watu wakitucheka, Rajabu anawapungia mkono kama mkubwa fulani.

Mwezi uliopita tumbo likamvimba. Hospitali wakamlaza, wakasema dawa hakuna, na gari la wagonjwa halina petroli. Akanishika mkono. "Fundi, peleka mimi kwa mama. Nataka mama aone mimi kama bado iko hai."

Tulikuwa na petroli kidogo tuliyoificha. Nikamfunika blanketi, nikamfunga kitini kwa shuka, nikaendesha polepole kama nimebeba mayai. Wapi! Upande wa Lobule, Koboko tunaikaribia kabisa, jiwe likapasua tumbo la gari, oili yote chini, injini ikakwama. Nikasimama barabarani nikapiga kelele kama mwendawazimu. Wakulima wakaacha majembe yao, wakaleta kitanda cha kamba, tukambeba mabegani. Akawa ananiuliza, "Tumefika?" Namwambia bado kidogo. Anauliza tena, namwambia bado kidogo. Halafu akaacha kuuliza.

Mama yake, jina lake Halima, alitupokea mlangoni. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akanigeukia mimi. "Malori inapita hii njia kila siku, inafika. Nani alichagua motoka ya namna hiyo? Nani?"

Dada, Rajabu ni mtoto wake wa pekee. Nikimwambia ni yeye mwenyewe, si atabaki kumkasirikia maiti mpaka naye aingie kaburini? Nikasema, "Mimi, mama."

Akaninyooshea kidole barabarani. "Basi toka. Usiguse mtoto yangu tena."

Wakamwosha, wakamswalia, mimi nimesimama ng'ambo ya barabara kama mbwa wa watu. Mimi niliyemlisha uji kwa kijiko! Nimemkasirikia yule mama, na Rajabu pia nimemkasirikia, yeye na honi yake. Kisha nakumbuka hayupo, nalia upya.

Kigari kiko kulekule Lobule, watoto wanakichezea. Sitaki kukiona.

Nisalimie mama, na shangazi aliyetulea, na shemeji yangu mumeo, umwambie viatu alivyonipa bado ninavyo. Watoto wabusu wote. Lakini mama ukimsomea barua hii, hapo pa kuchagua gari paruke. Mama Halima ana ndugu zake huko Mombasa, na maneno hayakai mahali pamoja. Mtu yeyote akikuuliza nani alilichagua, sema ni ndugu yako, kichwa kigumu, hasikii la mtu.

Ni mimi nduguyo,
Salimu